Op-ampu mbadala kwa mikisa na amplifaya: fuata dalili kabla ya kununua chipu

Fungua mikisa ya harusi, amplifaya ya msikiti au kinanda cha taarab, utakuta chipu zile zile za miguu minane, yaani op-ampu zinazokuza ishara ya sauti, zimejipanga kwenye bodi, na lawama zote huishia kwao. Sauti ikikwaruza, ni chipu. Ikivuma, ni chipu. Basi huagizwa chipu yenye sifa kubwa kutoka Mombasa au Luthuli Avenue kule Nairobi, ifike Mokowe kwa basi, ivuke kwa boti mpaka Lamu, itiwe, na tatizo libaki pale pale au lizae jingine. Kwetu sisi, chipu huchaguliwa na nafasi yake kwenye bodi: umeme uliopo, rezista zilizo mlangoni mwake na mzigo ulio mbele yake. Jina lililoandikwa mgongoni huja baadaye.

Kabla ya kung'oa chochote

Chomoa plagi, kisha maliza chaji ya kapasita kubwa za umeme kwa rezista ya ohmu 470 ya wati 5. Usizigonganishe kwa bisibisi. Kwenye amplifaya za nguvu kapasita hizo hubeba volti 35 hadi 60 kila upande, na zinaweza kukaa na chaji hiyo muda mrefu. Ndipo uwashe tena, spika zikiwa zimechomolewa, na mita ikiwa kwenye DC, yaani umeme usiogeuka mwelekeo.

Chipu yenye op-ampu mbili ina mpangilio huu: pini ya 8 ni umeme chanya, ya 4 ni umeme hasi. Op-ampu ya kwanza ina tokeo kwenye 1, ingizo hasi kwenye 2 na ingizo chanya kwenye 3. Ya pili ina tokeo kwenye 7, ingizo hasi kwenye 6 na ingizo chanya kwenye 5. Ndivyo zilivyo 4558, 4560, 4580, TL072, NE5532, LM833, LM358, OPA2134 na LM4562, na ndiyo sababu mtu huzibadilisha bila kufikiri. Jihadhari na LM393: pini zake zimepangwa vivyo hivyo, lakini kazi yake ni kulinganisha volti mbili, na tokeo lake huweza kuvuta chini tu. Ukiitia kwenye njia ya sauti utapata ukimya au mkwaruzo mtupu.

Waya mweusi wa mita uweke kwenye ardhi ya sauti, kwa mfano ganda la jeki. Pini ya 8 isome karibu +15 na ya 4 karibu −15. Bodi nyingine hutumia 12. Usipime kati ya 8 na 4 peke yake, kwa sababu jumla inaweza kukupendeza hali upande mmoja umeanguka. Pini za 1 na 7 zisome karibu na sifuri. Makumi machache ya milivolti ni kawaida.

Tokeo likiwa limeganda kwenye +13 au −13, usikimbilie kuhukumu. Soma pini ya 3, kisha ya 2. Kama ya 3 iko juu kuliko ya 2 na tokeo liko juu, chipu inatii amri, na kosa liko nje yake: rezista ya marejesho (inayorudisha tokeo kwenye ingizo hasi) imekatika, au kuna DC inayotoka hatua ya nyuma. Kama ya 3 iko juu kuliko ya 2 na tokeo limeganda chini, hapo chipu ndiyo imekufa. Vipimo hivyo viwili vinaokoa chipu nyingi zinazotupwa zikiwa nzima.

Chipu zote zimekufa kwa pamoja

Hapa tafuta kilichoziua kwanza. Amplifaya nyingi za bei nafuu hazina 7815 na 7915, vidhibiti vya volti 15 chanya na hasi. Umeme wa chipu hutolewa kwenye njia kuu ya ±40 kwa kupitia rezista na zena ya volti 15, diodi inayozuia volti isipande zaidi ya hapo. Zena ikiungua na kukatika, hakuna tena kinachozuia, na volti hupanda kuelekea 40. Mwisho wa 4558 na TL072 ni ±18, NE5532 ni ±22. Kwa hiyo kabla ya kutia chipu mpya, washa soketi zikiwa tupu na upime 8 na 4. Ukisoma zaidi ya 16, badilisha zena kwanza. 1N4744A ni ya volti 15 na wati 1.

Ikiwa imekufa moja tu, na ndiyo iliyo karibu na mlango wa maiki au laini, kuna uwezekano mkubwa waya wa spika uliingizwa kwenye mlango huo, au maiki ilichomekwa na kuchomolewa huku volti 48 za maiki za kapasita zikiwa zimewashwa. Kapasita ya mlangoni ikiwa imejaa volti 48, ikigusishwa ardhi humwaga chaji yake yote kwenye pini ya op-ampu. Tia rezista ya ohmu 10, na baada yake diodi mbili za 1N4004: moja katodi yake ikielekea umeme chanya, nyingine anodi yake ikielekea umeme hasi. Kwa upande wa matokeo hofu ni ndogo, kwani 4558, TL072 na NE5532 zote huvumilia tokeo kugusana na ardhi. Kinachoua tokeo ni volti inayorudi kutoka nje, na laini ya volti 100 ya spika za honi ni mfano mzuri.

Sauti imekuwa finyu na inapasuka mapema tangu chipu zibadilishwe

Hili ndilo kosa linaloletwa na nia njema. Mtu ameondoa 4558 au TL072 nne, ametia NE5532 nne, na sauti imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Pima pini ya 8: badala ya 15 utakuta 9 au 8.

Hesabu yake iko wazi. Njia kuu ni volti 40, zena ni 15, na katikati pana rezista ya kilo-ohmu 1. Volti 25 juu ya ohmu 1000 ni miliampea 25. Zaidi ya hapo rezista haiwezi kutoa bila volti kuanguka. TL072 moja hula karibu miliampea 2.8, kwa hiyo nne hula 11 tu, na zena inakula iliyobaki. NE5532 moja hula karibu 8, na zipo zinazofika 16 bila kuwa mbovu. Nne zikila 32, juu ya rezista huanguka volti 32, na chipu zinabakiwa na 8. Zena haifanyi tena kazi yoyote, mvumo wa umeme unaingia moja kwa moja, na sauti inagonga dari mapema.

Njia ni mbili. Ya kwanza, rudisha TL072, au tia 4580 mahali palipo na faida tu, yaani hatua ya maiki, na uziache nyingine zilivyokuwa. Ya pili, punguza rezista kwa kila upande, chanya na hasi: ohmu 560 itatoa karibu miliampea 44. Rezista hiyo itachoma wati 1.1, basi weka ya wati 3 na uinyanyue milimita kadhaa juu ya bodi ili isiichome. Zena nayo, chipu zikichomolewa, itabeba miliampea zote 44, yaani wati 0.67, kwa hiyo zena ya nusu wati haifai hapo.

Hesabu hiyo hiyo inahusu bodi zenye 78L15 na 79L15, ambazo mwisho wao ni miliampea 100. NE5532 nane kwa kawaida hula 64, lakini nane zenye ulaji mkubwa zitaifikisha 128.

Chipu mpya inaunguza kidole

Angalia kwanza mwelekeo. Kibonyeo au nukta huwa upande wa pini ya 1, na bodi nyingine zina chipu jirani zinazotazama pande tofauti. Chipu iliyotiwa kinyume hupata moto mara moja, na hata ukiigeuza usiitumaini tena.

Ikiwa mwelekeo ni sahihi, jiulize inatakiwa iwe na joto kiasi gani. NE5532 kwenye ±15 huchoma karibu wati 0.24, kwa hiyo uvuguvugu ni afya yake. TL072 huchoma chini ya wati 0.09, hiyo inapaswa kuwa karibu baridi. Ile ambayo kidole hakikai juu yake sekunde tatu, saketi yake huenda inatetema: inajitungia mawimbi ya masafa makubwa ambayo sikio halisikii, huku umeme ukiteketea bure. Dalili nyingine ni tokeo lenye DC isiyoeleweka, sauti iliyoganda kidogo, au kelele inayobadilika ukisogeza mkono.

Mita ya kawaida haioni mtetemo huu. Kama huna osiloskopu, chukua redio ndogo ya masafa ya kati, iweke kwenye nafasi isiyo na stesheni, uisogeze juu ya bodi. Kelele ya redio ikibadilika juu ya chipu moja, na ikibadilika tena ukigusa pini ya 2 kwa ncha ya kidole, umempata. Kipimo hiki si cha mwisho, lakini kwa redio ya mfukoni kinatosha. Fanya hivi kwenye bodi ya volti ndogo tu. Usiingize mkono karibu na transfoma.

Sababu kubwa ni kutia chipu ya kasi kwenye bodi ya chipu ya polepole. 4558 ina megahezi 3; LM4562 ina 55. Bodi ya karatasi ya upande mmoja, yenye kapasita ya umeme sentimita kumi mbali na chipu, iliitosha ya kwanza. Dawa huanza kwa kapasita ya keramiki ya nanofaradi 100, iliyolehemiwa chini ya bodi moja kwa moja kati ya pini 4 na 8, miguu ikiwa mifupi kadiri inavyowezekana. Ikiwa haijatulia, weka pikofaradi 22 sambamba na rezista ya marejesho. Kwa rezista ya kilo-ohmu 100, pikofaradi 22 hukata kuanzia kilohezi 72, mbali na sikio. Lakini ukiweka pikofaradi 100 hapo hapo, unakata kuanzia kilohezi 16, na matari ya taarab yatapoteza ung'avu. Fanya hesabu kabla ya kuchovya mkono kwenye kopo la kapasita.

Mtetemo unaotokea tu waya mrefu ukichomekwa una sababu yake. Waya wa sauti una karibu pikofaradi 100 kwa mita, na mita 20 kutoka jukwaani hadi kwenye mikisa ni 2000. Rezista ya ohmu 100 mfululizo na tokeo, baada ya mahali marejesho yanapochukuliwa, huitenga chipu na mzigo huo bila kuiba chochote cha maana kwenye sauti.

NE5534, ile yenye op-ampu moja, ina sharti lake: ukuzaji ukiwa chini ya 3 inahitaji pikofaradi 22 kati ya pini 5 na 8. Ukiitia mahali pa TL071 au 741, toa pia potenshiomita ya kusawazisha iliyofungwa kwenye 1 na 5, kwa maana pini hizo haziko sawa.

Voliumu inachakarika ikizungushwa, na swichi zinapiga "tap"

Ikiwa uchakarikaji ulikuwapo kabla ya kubadilisha chipu, safisha voliumu. Ni vumbi na chumvi. Ukianza baada ya TL072 kupisha NE5532, ni DC.

Op-ampu za transista za kawaida hunyonya mkondo kidogo kwenye maingizo. NE5532 hunyonya karibu nanoampea 200. Ukipita kwenye rezista ya kilo-ohmu 100, hiyo ni milivolti 20. Kwenye mega-ohmu 1, milivolti 200. Kisha hatua yenye ukuzaji wa 10 isiyo na kapasita kwenye mguu wa ardhi inaifanya volti 2. TL072 hunyonya pikoampea 65 tu, kwa hiyo yule aliyebuni saketi hakuwa na haja ya kuweka kapasita, na wewe umemtilia chipu iliyohitaji kapasita hiyo.

Pima DC kwenye mguu wa kati wa voliumu. Ukiona zaidi ya milivolti chache, weka mikrofaradi 10 mfululizo kabla ya voliumu, upande chanya wa kapasita ukielekea kwenye volti iliyo juu. Au rudi kwenye chipu za FET, zisizonyonya mkondo wa maana kwenye maingizo: TL072, au OPA2134 ukitaka iliyo tulivu zaidi. Sisi tungerudi kwenye FET. Kuongeza kapasita kwenye bodi iliyojaa ni kazi ya mashaka.

Kelele ya shiii

Kwenye spika za honi za msikiti shiii hujulikana alfajiri, mji ukiwa kimya na amplifaya imewashwa kabla ya adhana. Honi zina wepesi mkubwa wa kutoa sauti, na kelele ndogo iliyo kwenye hatua ya kwanza husikika mtaa mzima. Hatua ya kwanza ndiyo ya kushughulikia. Kubadilisha chipu za mwisho hakusaidii, kwa sababu kelele ya mwanzo imeshakuzwa.

Tambua hatua kwa kufunga voliumu kuu. Shiii ikibaki vile vile, inatoka baada ya voliumu. Ikipotea, inatoka kabla. Kisha punguza ukuzaji wa maiki, ikifuata, umefika.

Kwa maiki ya koili, yenye ohmu 150 hadi 600, NE5532 inashinda: kelele yake ni nanovolti 5 kwa kila mzizi wa hezi, ya 4558 ni karibu 8, ya TL072 ni 18. Katika upana wote wa sauti hiyo ni karibu mikrovolti 0.7 dhidi ya 2.5, na hiyo ni kabla ya kukuzwa mara mia au zaidi. 4580 na LM833 nazo zinafaa hapo.

Lakini igeuze kesi. Udi uliobandikwa pikapu ya piezo una upinzani mkubwa sana, na hapo NE5532 hupiga shiii kuliko TL072. Chipu ya transista ina kelele ya mkondo pia: pikoampea 0.7 juu ya kilo-ohmu 100 huwa nanovolti 70, zaidi ya mara tatu ya kelele nzima ya TL072. Kwa udi, gitaa na kitu chochote chenye piezo, tumia FET.

Angalia pia rezista zenyewe. Rezista ya kilo-ohmu 10 ina nanovolti 13 za kelele hata ikiwa mpya, na ya kilo 100 ina 41. Mlango wa laini wenye kilo-ohmu 47 mfululizo na ingizo hautulizwi na chipu ya bei yoyote ile.

Na kwa honi tupu: honi haitoi kitu cha maana juu ya kilohezi chache. Anayekuuzia OPA2134 kwa ajili ya spika za mnara anakuuzia sauti ambayo hutaisikia. 4580 kwenye maiki, 4558 kwingineko, yatosha.

Sauti ndogo inakwaruza, kubwa ni safi

Tazama kama ni LM358. Tokeo lake lina pengo pale wimbi linapovuka sifuri, na sauti ndogo huishi ndani ya pengo hilo. Kasi yake ya kupanda ni volti 0.3 kwa mikrosekunde, kiasi kwamba kwenye kilohezi 20 haiwezi kutoa zaidi ya kilele cha volti 2.4 bila kuvurugika. Itoe, tia 4558. Hiyo ina kasi ya 1 hadi 1.7 kutegemea mtengenezaji, na 1.7 ndiyo hasa inayohitajika kwa wimbi la kilele cha volti 13.5 kwenye kilohezi 20.

Usiziondoe LM358 zote, hata hivyo. Ile inayoendesha taa za kiwango cha sauti au inayogundua ishara kwenye saketi ya umeme mmoja wa volti 12 imewekwa kwa makusudi: maingizo yake hufanya kazi mpaka kwenye ardhi. TL072 na NE5532 haziwezi hilo.

Kinyume chake, sauti kubwa inayopasuka kwa kishindo cha ajabu ni tabia ya TL072. Ingizo lake chanya likishuka hadi volti 3 hivi kutoka umeme hasi, tokeo hugeuka na kuruka juu. Kwenye ±15 ni nadra kufika huko. Kwenye saketi ya volti 9 yenye kati ya 4.5, una volti 1.5 tu za kushuka. Weka 4580 au OPA2134. Kwa saketi za volti 5 za chaja ya simu, zote hizo hubanwa. MCP6002 hufanya kazi, lakini mwisho wake ni volti 6, na ukiitia kwenye bodi ya ±15 inakufa papo hapo.

Tokeo linaloendesha ohmu 600 au hedifoni ni suala la nguvu. TL072 huchoka kwenye ohmu 600, NE5532 haichoki. Kwa hedifoni za ohmu 32 tafuta 4556, yenye miliampea 70.

Mvumo ukitumia jenereta

Mara chache mno ni op-ampu. Jenereta ndogo na waya mrefu wa kiendelezi zinaweza kushusha 240 hadi 190. Transfoma iliyokuwa ikitoa volti 22 ghafi sasa inatoa 17.4, na 7815 inahitaji karibu 17 kila sekunde ili ishike 15. Kwenye mabonde ya wimbi inashindwa, na mvumo unapita. Pima volti ghafi jenereta ikiwa na mzigo, si ikiwa tupu. Kapasita ghafi iliyochoka hutoa dalili hiyo hiyo hata kwa umeme wa kawaida.

Sauti inakuja na kuondoka

Hii ni dalili ya pwani. Upepo wa kusi ukishika, chumvi huingia kila kifaa kilicho karibu na bahari, na soketi za bei ndogo zenye vibati viwili vyembamba ndizo za kwanza kuota kijani. Bonyeza chipu taratibu kwa kijiti cha mbao huku sauti ikipita. Sauti ikirudi, usinunue chipu.

Itoe chipu kwa kuinyanyua pande zote mbili kwa zamu. Miguu ikiwa myeusi, isugue kwa raba ya penseli mpaka ing'ae. Soketi safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na mswaki laini, uache ikauke kabisa. Ikishaota kijani ndani, ing'oe na uweke ya pini za mviringo, au lehemu chipu moja kwa moja. Kwa kifaa kitakachoishi kwenye mnara au chomboni, tunapendelea kulehemu bila soketi.

Safisha pia bodi kuzunguka pini za 2, 3, 5 na 6. Mabaki ya mafuta ya lehemu yakichanganyika na chumvi na unyevu hupitisha mkondo, na kwenye mlango wa mega-ohmu 1 huo huleta DC inayohamahama na uchakarikaji wa mvua. Wengi hudhani chipu ya FET ndiyo mbovu.

Chipu si yenyewe

NE5532 bandia zimejaa, nyingi zikiwa 4558 au LM358 zilizofutwa na kuandikwa upya. Maandishi yanaweza kudanganya. Umeme haudanganyi kirahisi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata kuwasha. Weka mita kwenye alama ya diodi, gusa pini 2 na 3 za chipu iliyo nje ya bodi, kisha geuza waya. NE5532 ina diodi mbili za ulinzi zilizopingana kati ya maingizo, kwa hiyo husoma karibu volti 0.6 au 0.7 pande zote mbili. Rudia kwenye 5 na 6. TL072 na 4558 hazina diodi hizo na hazisomi hivyo. "NE5532" isiyosoma hivyo si NE5532.

Cha pili ni ulaji. Tia chipu kwenye bodi ndogo ya majaribio, kila op-ampu tokeo likiunganishwa na ingizo lake hasi, ingizo chanya likienda ardhini kwa kilo-ohmu 10, na umeme chanya ukipitia rezista ya ohmu 100. Usisahau nanofaradi 100 kati ya 4 na 8. Volti juu ya rezista hiyo ikiwa karibu 0.8, chipu inakula miliampea 8. Ikiwa 0.1 hadi 0.3, unayo chipu nyingine yenye jina la kuazima.

Akiba ya droo

Kwa kuwa kosa la kuagiza linagharimu siku kadhaa za kungoja, fundi wa Lamu afaa kuwa na TL072 kumi, 4580 kumi, NE5532 tano zilizopimwa, na TL074 chache kwa bodi za chipu za pini 14. TL074 na LM324 zina umeme chanya kwenye 4 na hasi kwenye 11. 4136 ya zamani ina mpangilio wake, chanya kwenye 11 na hasi kwenye 7, na haipokei mbadala bila kuhamisha waya. Ongeza soketi za pini za mviringo, zena za 1N4744A, keramiki za nanofaradi 100 na pikofaradi 22. Zihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, chipu za FET na MCP6002 zikiwa zimechomekwa kwenye sponji nyeusi ambayo zilikuja nayo.